Poda Niliyoipima kwa Mkono

Jameni, hii aibu niliificha miaka mingi, na leo naisimulia kwa sababu tu ilimalizika vizuri, la sivyo ningezikwa nayo. Ni aibu ya poda. Ndiyo, poda ya uso, ile ya kikopo chenye kioo kidogo kwenye kifuniko, kitu unachoweza kukifunika kwa kiganja, na nusura kininyime mume.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Timau, kwenye shamba la maua, chumba cha kupanga mashina kabla hayajapakiwa, na Mwenda mchumba wangu (fundi wa pampu hapo hapo shambani) akasema Jumapili twende kwao Nkubu nikaonane na mama yake. Kuhusu mama huyo aliniambia jambo moja tu: dada mdogo wa mama alijipaka krimu za kujichubua mpaka ngozi ikaharibika, akawa hawezi kukaa juani, na tangu hapo mama aliapa kwamba msichana anayejichubua hataolewa katika boma lake. Nikacheka. Mimi na krimu wapi na wapi? Jua la Timau, lile linalokuchoma huku unatetemeka kwa baridi, lilikuwa limeshanipaka rangi lenyewe.

Lakini nilitaka kupendeza, kwa hivyo Jumamosi baada ya kazi nikaingia duka la vipodozi na Gakii, rafiki yangu wa meza moja kazini, mwenye duka akanipangia poda tatu kwa kaunta, nami nikafanya kile nilichoona wajuaji wakifanya, nikapaka kidogo nyuma ya mkono. Ya pili ilizama kabisa, usingejua iko.

"Si ujaribu kwa shingo?" Gakii akauliza.

Nikamwambia shingo si uso (kana kwamba mkono ndio uso), nikailipia ile ya pili. Sasa nisikizeni vizuri: mikono yangu ilikuwa imekaa ndani ya glavu miaka mitatu, asubuhi hadi saa kumi, haijui jua ni nini. Uso nao ulikuwa unatembea nje kwenda kazini na kurudi, mikono ikiwa mifukoni kwa baridi, na mchana tunapumzika uwanjani bila kuvua glavu. Ile mikono ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na hilo sikuliwaza hata dakika moja.

Jumapili asubuhi Timau ilikuwa na ukungu, na balbu ya chumba changu ni ile ya manjano, nikajipaka nikajiona malaika. Tuliposhuka Nkubu jua limewaka, nikafungua kikopo nijiangalie. Uso ulikuwa umechovywa kwa unga wa uji, halafu shingo imebaki yangu.

"Kendi, umejipaka nini?" Mwenda akauliza.

"Poda."

"Si upanguse basi."

Mtu mwenye akili angepangusa. Mimi nikaona dawa ni kuipaka na shingo ifanane na uso, halafu masikio, halafu pale kola inapoanza, mpaka nikakwangua chini ya kikopo.

Mama alitupokea langoni na sweta yake ya kanisa, buluu iliyokoza, pamoja na shangazi wawili wa Mwenda waliokuja kuona mgeni. Akanikumbatia kwa nguvu, na alipogeuka kutuongoza ndani, shavu langu lilikuwa limebaki begani mwake, shavu na nusu ya pua. Shangazi mmoja akaanza kumpangusa huku akiniangalia mimi. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Ndani yakaletwa jagi na karai tunawe kabla ya mukimo, vile viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, na mama mwenyewe ndiye aliyeninawisha. Nikanyoosha mikono, akamwaga maji, kisha akaacha kumwaga. Alikuwa anaangalia mikono yangu, myeupe mpaka pale glavu inapoishia, halafu mstari, halafu rangi yangu halisi. Akaangalia uso. Akarudi kwa mikono. Nilijua anachofikiria, nikaona ndoa yangu ikimwagika kwa karai pamoja na yale maji.

"Mwari," akaniita kwa sauti ya chini, yaani binti, "njoo kidogo nje."

Tukasimama nyuma ya jikoni, kando ya pipa la maji ya mvua.

"Unatumia krimu gani?"

"Situmii, mama."

"Usinidanganye. Vidonda vya dada yangu niliviosha kwa mikono hii."

Hapo nikalia. Kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia juu ya jiwe, nikakichukua, nikachota maji, nikajisugua uso, shingo, masikio, mpaka yale maji yakageuka uji. Nikainua uso unaotiririka. Mama akanishika kidevu, akanigeuza juani huku na huku, akapitisha kidole gumba shavuni.

"Na mikono?"

"Ni glavu, mama. Za kazi. Na poda niliipima kwa mkono."

Akanishika mikono, akaugusa ule mstari. Kisha akafunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe la kufulia. Sijawahi kufurahi kuchekwa namna ile.

"Kumbe uko na ngozi yako," akasema, akinipangusa kwa ncha ya leso. "Nilikuwa nimeogopa, mwari. Sikutaka kuosha mwingine."

Nilirudi ndani na uso mtupu unaonuka sabuni, nikala mukimo sahani mbili.

Poda ya harusi mimi na mama tulienda kuinunua pamoja. Alinitoa nje ya duka hadi juani, akanijaribishia chini ya taya, akakataa tatu na kukubali ya nne. Tangu siku hiyo niliapa sipimi tena poda kwa mkono, na nimetimiza. Lakini mama haniamini bado. Hadi leo nikienda Nkubu, kabla hajanikumbatia, ananipitishia kidole shavuni, anakiangalia, ndipo anafungua mikono.