Aje Mwenyewe

Mama Pasi hakuzaliwa na shingo ya kuinamisha. Miaka kumi na tisa alinyoosha mashuka ya hoteli katika kampuni ya udobi, mpaka asubuhi ile rola ya mashine ya pasi ilipovuta shuka pamoja na vidole vyake viwili. Kinga ya mashine ilikuwa imeondolewa wiki tatu nyuma, ati inachelewesha kazi.

Fidia alipewa. Yeye alitaka jambo moja tu: aliyemkosea aje kwake, kwa miguu yake, amwombe radhi. Hivyo ndivyo alivyolelewa.

Msimamizi akaruka. “Si mimi, mama. Mimi nimeajiriwa kama wewe.” Meneja alikwishahamishwa. Wakili wa kampuni ndiye aliyemketisha akamweleza, “Mwenye kosa ni kampuni yenyewe. Kisheria kampuni ni mtu. Inamiliki nyumba, inashtaki, inashtakiwa.”

“Ina mama?”

“Haina.”

“Ndiyo maana haina adabu. Basi huyo mtu aje.”

Wakili alicheka. Mama Pasi hakucheka.

Akangoja. Mumewe alikuwa kaburini, binti yake kaolewa mbali, na wenzake wa kiwandani, waliokuwa wakimwita wifi kwa utani, sasa walimkwepa njiani wasije wakaonekana naye wakafukuzwa. Kila asubuhi alifagia chumba, akatandika kitanda kwa mkono mmoja na nusu, akakaa akitazama mlango.

Siku moja pakapigwa hodi. Alikuwa msichana wa ofisini, kashika bahasha.

“Wewe ndiye kampuni?”

“Hapana, shangazi. Nimetumwa.” Akasoma: “Kampuni inasikitika kwa yaliyotokea. Hapa unaweka dole gumba, kwamba umeridhika.”

“Inasikitika wapi? Ina kifua?”

Msichana akainama. “Basi mimi naomba radhi, shangazi. Kwa niaba.”

“Wewe hujanikosea, mwanangu. Usibebe mzigo wa mtu asiye na mgongo.”

Msichana akafungua kidau cha wino, akakisogeza. Mama Pasi akakitazama kitambo. Alijua akishabonyeza pale, hakuna tena atakayekumbuka njia ya chumba hiki. Akaficha mkono ndani ya khanga.

“Karatasi irudishe. Mwambie huyo aliyekutuma nipo, aje mwenyewe.”

Akamsindikiza mpaka barabarani, polepole, apate kusema naye kidogo zaidi. Kisha akarudi, akaketi kuuelekea mlango.