Jasho la Mabati

Asubuhi moja ya mwezi wa sita haijanitoka kichwani, mwanangu. Tangu uliponiambia juzi kwamba banda lako jipya la mabati, kule barabara ya Kipushi, utaliziba kila tundu kwa ajili ya baridi, imerudi na kukaa nami mezani. Wewe ulikuwepo siku hiyo, ila ulikuwa mgongoni kwa mama yako, hata kutembea hujui.

Nilikuwa nachomelea vyuma hapa Kampemba, na ndiyo kwanza nimemaliza shule ya jioni. Cheti nilikitundika ukutani. Mtaa mzima ulikiona mara kumi kumi. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kugandisha salamu mdomoni. Basi nikaziba banda kwa udongo na matambara, mpaka sisimizi akitaka kuingia ilimbidi apige hodi. Ndani mlikuwa na mapipa mawili ya maji ya kazi, wazi, na pembeni pipa la kabidi, yale mawe ya kijivu yanayotoa gesi ya kuchomelea yakiguswa na maji. Kifuniko chake kilikuwa kimepinda. Kila siku nilikitazama nikasema kesho.

Haukupita muda, mabati yakaanza kudondosha maji, na mbinguni hakuna hata wingu. Nikapanda, nikapaka lami kila msumari. Asubuhi iliyofuata yakadondosha zaidi. Nikaanza kumwogopa jirani bure, nikidhani amenitupia kitu. Mwishowe nikamwita Papa Saidi, seremala mzee mwenye asili ya Maniema, aliyepaua nusu ya Lubumbashi, au ndivyo ninavyopenda kusema.

Alifika jua halijapanda. Nilipofungua mlango, harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza ikatupiga usoni. Akaligusa pipa la kabidi, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa la moto. Tone likaanguka kutoka kwenye bati, likapenya pale kifuniko kilipopinda, tukasikia ndani likichemka na gesi ikifoka.

Na hapo hapo mama yako akatokea upande wa jikoni, wewe mgongoni unakohoa, mikononi ameshika mbabula, lile jiko dogo la kubeba, yenye makaa mekundu. Alikuwa anatuletea joto.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi, mwenye cheti.

"Mama, simama pale pale," Papa Saidi akasema, kwa upole kama mtu anayeomba chumvi. "Ile moto usiingize."

"Papa, mutoto iko anasikia baridi. Na bwana yangu angalia vile anatetemeka."

"Anatetemeka juu ya kintu ingine. Rudia nyuma, mama. Polepole. Enda mpaka ku barabara."

Zilikuwa zimebaki hatua nne kati ya moto ule na gesi. Mpaka leo huwa nazikanyaga usingizini.

Tuliacha mlango wazi, tukakaa mbali mpaka jua likafika utosini na pipa likapoa. Ndipo mzee akanigeukia.

"Weye ulisoma. Mvuke ikigusa kintu ya baridi, inakuwa nini?"

"Mayi, papa."

"Sasa kule juu ulikuwa unatafuta tundu ya nini?"

Nikayatazama mabati. Somo lile lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mapipa yangu na pumzi yangu. Mimi ndiye niliyeyafungia humo.

Kwa hiyo nisikilize. Chini ya mabati weka pamba ya kioo, ile inayowasha ngozi. Vipande vya frigolite, lile povu jeupe jepesi la kufungashia vyombo, usiviweke, vinashika moto upesi. Chini ya pamba tandaza plastiki, na maungio yake uyabandike vizuri, ili mvuke wa ndani usilifikie bati la baridi. Kati ya pamba na bati acha nafasi hewa ipite. Matundu ya juu ya kuta usiyazibe, yawekee wavu. Maji yafunike, moto wa kazi uwe nje, na kabidi ikae peke yake, pakavu, juu ya mbao, kifuniko kizima. Kizima leo, mwanangu, si kesho. Na ukiona maji yanadondoka bila mvua, kabla ya kumshuku jirani, jichunguze wewe umefungia nini ndani.

Mungu akupe paa kavu na mikono isiyoungua. Na siku sauti yako itakapokukimbia, akuwekee karibu mtu wa kusema: simama pale pale.