Likizo ya Kupumzikia Wapi

Sangara walifika kiwandani kwetu wakiwa wamekufa, lakini sisi tuliwaua tena. Kisu changu kilikuwa kikali kiasi kwamba ukikitazama vibaya kinakukata kope. Vichwa vilidondoka kwenye makreti, mifupa ikafuata, na maji ya sakafuni yalikuwa mekundu tangu asubuhi.

Kabla ya kuingia tulipanga mstari mbele ya mama wa usafi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kurudisha kivuko cha Kamanga kilichokwisha kuondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mikono!"

Unanyoosha mikono, viganja juu, viganja chini, anakagua mpaka ndani ya kucha. Ukiwa na kidonda hugusi samaki, unarudi nyumbani. Nasi tuliamini kwamba kurudi nyumbani ni kurudi bila mshahara, na ukizoea kurudi, basi usije tena. Kwa hiyo tulikuwa na dawa yetu: supa glu. Unakamulia kidonda limau, unauma kanga usipige kelele, unaziba kwa gundi, unapita. Mimi niliwahi kuziba dole gumba likagandana na sikio, nikafika kazini kama mtu anayeongea na simu.

Na wakati huo nilikuwa nimeshahitimu masomo ya jioni, kidato cha nne kizima! Mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba mwajiriwa akiugua ana likizo ya ugonjwa, mwanzo kwa mshahara mzima, akizidi kuugua, kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Swali lilikuja kwenye mtihani, nikalijibu, nikapata. Dole gumba langu tu ndilo ambalo sikuliambia.

Jirani yangu wa mezani alikuwa mwanamke wa Nansio, mpole, mwenye kisu chepesi kuliko changu. Mumewe alikuwa fundi wa mashine za boti, mikono kama nanga. Alishamvunja jino. Alishamng'oa nywele za upande mmoja. Na mwenzangu kila mara alikuwa "ameteleza bafuni".

"Bafu lenu lina ngumi," nilimwambia. Akacheka kwa kufunika mdomo, kuficha pengo.

Asubuhi moja alipita ukaguzi kama sote. Jua lilikuwa halijapanda sana nilipoona minofu mbele yake inageuka rangi. Glovu yake ya kushoto ilikuwa imevimba kama kiwele cha ng'ombe.

"We, humo ndani mna nini?"

"Maji."

"Maji mekundu?"

Msimamizi wa zamu alikuwa ameshafika. "Nani anachafua minofu?" Akaishika ile glovu akaivuta kwa nguvu, nayo ikatoka na gundi, na gundi ikatoka na ngozi. Ukelele wa mwenzangu ulisikika Ukerewe. Damu iliruka, wengine watasema ilifika kwenye koti la msimamizi tu, mimi nasema iligonga bati la paa. Kiganja kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye dole gumba hadi upande wa pili.

"Umeficha kidonda! Toka, na usirudi!" Akamsukuma. Mwenzangu akagonga ubavu kwenye meza, akateleza, akaanguka juu ya vichwa vya samaki.

Nilichomeka kisu kwenye ubao, kati yangu na msimamizi, kikasimama kinatetemeka.

"Msukume tena."

Akakitazama kisu. Akanitazama. Kabla hajaamua, mama wa usafi alifika, akafungua kilemba chake na kuufunga ule mkono.

"Hapa hafukuzwi mtu kwa kuumia," alimwambia msimamizi. Kisha akamgeukia majeruhi. "Lakini umeficha, mwanangu. Lete cheti cha daktari leo, una likizo ya ugonjwa na kazi yako ipo. Usipoleta, sitaweza kukutetea."

Nilimsindikiza hospitalini. Nesi aliizuia damu kwanza, ndipo akauliza.

"Ni kisu cha kazini," mwenzangu alisema.

"Kisu cha kazini kinashuka kutoka juu?" Nesi alishaona vingi. "Hili ni panga, dada. Nenda polisi ukachukue fomu ya PF3, urudi daktari akushone. Dawati la jinsia lipo hapo jirani."

Tulikaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza.

"Nikimtaja, atanimaliza," alisema.

"Na usipomtaja?"

"Sina cheti. Sina kazi. Na bila kazi sitatoka kwake mpaka nife."

Aliukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Halafu akainuka ghafla, akatembea mbele yangu, akaingia kituoni na kumwambia askari wa kike kabla hata ya salamu: "Mume wangu. Kwa panga. Alisema ugali umepoa. Alilenga shingo, mimi nikaweka mkono."

Akashonwa. Daktari akaandika cheti: apumzike nyumbani. Mwenzangu alikisoma, akacheka bila kufunika mdomo.

"Nyumbani kwa nani? Aliyenikata si yuko hukohuko?"

Nilipekua kichwa changu chote cha masomo ya jioni. Sheria niliyosoma iliujua ugonjwa. Panga linalokusubiri nyuma ya mlango haikuligusa. Basi tukaamua wenyewe. Kutoka hospitali tulikwenda moja kwa moja bandarini, akapanda meli ya Nansio kwenda kwa mama yake, na nguo alizovaa tu. Mimi nikapeleka cheti ofisini, wakakipokea, likizo ikaandikwa, ya mshahara mzima.

Polisi walipokwenda kumkamata mume walikuta kufuli. Yeye akaja kututafuta sisi. Tulikuwa mstarini getini akanidaka shingo ya koti.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko likizo, shemeji."

"Likizo gani?"

"Ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni wewe."

Ngumi ilinipata mdomoni. Niliona nyota zote, na nyingine ambazo bado hazijaumbwa. Akainua mguu anikanyage, na hapo mama wa usafi akapiga ile sauti yake:

"Mikono!"

Kwa mazoea mstari mzima ukanyoosha mikono. Na ikiwa imeshanyooshwa, ikamshika. Wanawake walimwangusha kwenye lami, buti nyeupe zikashuka juu yake, mbavu, magoti, mbavu. Watakuambia walikuwa wachache. Mimi nasema walikuwa mia nne na kila mmoja alivaa buti tatu. Polisi walimchukua akitambaa. Mimi nilitema jino, nikaingia kazini.

Likizo ilipoisha mwenzangu alirudi. Alisimama mbele yangu mstarini, akanyoosha mikono.

"Shikamoo mama."

Mama wa usafi alikishika kiganja, akapitisha kidole juu ya kovu taratibu, hadi mwisho.

"Marahaba," alisema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo. "Kimepona. Pita."

Vidole viwili havikukunjika tena vizuri. Mnofu wake wa kwanza ulitoka kama ndala iliyotafunwa na mbwa. Msimamizi aliuona, akatazama pembeni. Mwenzangu akavuta sangara mwingine, akakishika kisu upya.