Binti wa Redio Aliniamini, Sasa Anaitwa Mwongo

Naomba ukurasa huu ulifiche jina langu. Nina miaka hamsini na tisa, ni askari magereza mkoani Songwe, na nimebakiza miezi minne kustaafu. Kazi yangu ni kuzungumza na waandishi wa habari kwa niaba ya gereza letu.

Zamani tulikuwa tukiwafukuza getini. Mimi ndiye niliyebadili hali hiyo. Niliwaalika waone shamba letu la mahindi, wakala makande pamoja nasi, nikawapa namba yangu. Miongoni mwao yumo binti wa redio moja ya Tunduma, mji ulio mpakani na Zambia, ambaye huniita Baba. Tulikubaliana kwamba akisikia jambo la gereza hatalitangaza mpaka anipigie, nami sitamficha.

Mwezi uliopita wafungwa watano walishikwa na kuhara kukali. Binti alisikia fununu, akanipigia asubuhi, akasubiri jibu langu hadi jioni, ingawa wenzake walimhimiza atangaze. Mkubwa wangu aliniagiza nikanushe. Nikamwambia binti, "Hakuna mgonjwa hata mmoja, mwanangu," nikamwomba asinitaje. Akatangaza hivyo hivyo.

Mama mmoja wa Chitete, aliyesikia fununu ile, alikuwa amekwisha kufunga mzigo aje kumwona mwanawe, mmoja wa wale watano. Aliposikia taarifa ile, akaufungua. Siku ya tatu mwanawe alifariki hospitalini, bila kumwona ndugu yeyote.

Mama huyo hakuja kwetu. Alikwenda redioni, akamwambia binti mbele ya watu, "Ni wewe uliyeniambia kwamba mwanangu ni mzima." Siku hizi waendesha bodaboda wakimwona binti humwita Hakuna Mgonjwa. Mkuu wake amempa mpaka Ijumaa aseme habari ile aliipata kwa nani, la sivyo aondoke. Hajanitaja hata sasa.

Jana alinipigia. "Baba, sikuombi unitetee. Niambie tu kama ulijua."

Nikasingizia kwamba mtandao wa Zambia unaingilia simu yangu, nikakata.

Mkubwa wangu anasema ninyamaze, mambo yatapoa. Nikisema ukweli, huenda nikafukuzwa kazi, na geti litafungwa tena kwa waandishi wote. Leo ni Jumatano. Tangu asubuhi nazunguka uani, naishika simu, naiweka. Mke wangu ameuliza mara mbili nimepoteza nini.

Nielekezeni, ndugu zangu. Na kama ni kusema, nianze na nani: binti, au yule mama wa Chitete?