Shemeji na Kreni ya Kwenye Skrini

Kazi yangu ni kufunga minyororo kwenye mizigo ya kreni, na nasema wazi: mimi ni mwoga. Kwenye kazi hii waoga ndio tunaozeeka. Basi nilipoambiwa dereva mpya wa kreni ni shemeji yangu, mke wa kaka, nikaanza kuhesabu siku zangu.

Huyu nimemjua na cherehani yake. Ameshona sare za shule miaka nenda rudi, mpaka kaka alipougua na mzigo wa nyumba ukamwangukia. Ndipo akaomba mafunzo kwenye yadi yetu. Mafunzo yenyewe, lo! Wanafungiwa chumbani mbele ya skrini kubwa, wameshika vifimbo viwili kama watoto kwenye gemu, wanainua mizigo ya picha.

Nikamtania, "Shemeji, ukishinda utapewa peremende?"

"Cheka tu," akasema. "Chini utakuwepo wewe." Usiku ule sikulala.

Siku yake ya kwanza alinyanyua mabomba ya chuma. Nilimwongoza kwa mikono huku nikirudi nyuma, macho juu, roho mkononi. Kwa kumwogopa yeye sikuangalia niendako. Nikajikuta kati ya ukuta na rundo la mbao, sina pa kukimbilia.

Upepo ukavuma. Mabomba yakaanza kuyumba, yanaenda, yanarudi, kila yakirudi yananikaribia zaidi. Nikapunga mikono: simama! Mtu mwenye akili zake si angesimama? Wapi! Mabomba yalipokuja upande wangu, na kreni nayo ikaja, inayafuata. Mama yangu weee! Nikajua leo shemeji ananimaliza. Nikajibana ukutani, nikafumba macho, nikaomba dua isiyokuwa na kichwa wala miguu.

Sikuguswa. Nikafumbua jicho moja. Mabomba yalikuwa mbele ya pua yangu, yametulia tuli.

Shemeji akashuka ngazi, akanijia.

"Nani kakufundisha wazimu ule?" nikafoka.

"Gemu. Mzigo ukiyumba, ukisimama ghafla unazidi. Unaufuata kwa kreni mpaka kreni iwe juu yake, unatulia." Akaonyesha pale ukutani. "Kwenye skrini kuna kijitu chini, kinapunga mikono kama wewe."

"Na chenyewe kinapona?"

Akakaa chini palepale, akajifunika uso, machozi yanamtoka.

"Leo ndiyo mara ya kwanza, shemeji."