Unyayo wa Dada Yangu katika Plasta

Mvua ya mwaka wa sabini na tano haikukaa sana Kakuma, lakini mto Tarach ulijaa, ukapita, ukaacha tope laini kando yake. Kwa sababu ya tope lile Madam aliomba wanawake watatu watembee juu yake.

Madam alikuwa mtafiti kutoka ng'ambo. Alikuwa amepiga hema karibu na Kakuma kwa ajili ya jiwe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikupata nafasi ya sekondari, basi akaniajiri nigeuze Kiswahili chake kiwe Kiturkana, na Kiturkana cha watu wetu kiwe Kiswahili. Mimi huona haya kusema mbele ya watu. Lakini maneno yale hayakuwa yangu, kwa hiyo niliweza.

Jiwe lilikuwa bapa, ndani ya korongo, upande wa njia ya Lokichoggio. Juu yake kulikuwa na nyayo. Kubwa zilikuwa na vidole vitatu, pana kama beseni, na hizo hazikumsumbua Madam. Alisema ni za dainosau aliyepita hapo jiwe lilipokuwa bado tope. Zilizomnyima usingizi ni zile ndogo. Kila unyayo wa mguu ulikuwa na alama ya mkono kando yake, na alama ya mkono ilikuwa nje zaidi. Zilivuka jiwe, zikafika katikati, zikaisha. Mbele yake jiwe lilikuwa safi.

Madam aliamini ni mnyama wa kuruka, jamaa ya mijusi, mwenye mabawa ya ngozi yaliyoshikwa na kidole kimoja kirefu. Akiwa chini aliyakunja mabawa na kutembea kwa mikono na miguu. Hapo katikati ya jiwe, alisema, aliruka.

Dereva wake, mtu wa upande wa Kitale, hakukubali hata kidogo.

"Madam, huyo ni mamba. Twende ziwani, Ferguson's Gulf, nikuonyeshe mamba wanaotembea hivyo hivyo."

"Na mamba alikwenda wapi baada ya hapa?" Madam akauliza.

"Alikwenda na kipande cha jiwe kilichovunjika. Jiwe si linavunjika?"

Nilimwamini Madam alipokuwa anasema, kisha nikamwamini dereva alipokuwa anasema.

Madam alinipeleka mahali pa kuchinjia mbuzi tuwatazame makorongo wakubwa wanaongoja matumbo. Ndege hao ni wazito. Hukimbia kwanza, halafu huinuka. Nilienda kutazama mchanga, na kweli, nyayo zilikimbia, zikaachana, zikaisha. Nimezaliwa kwa watu wanaofuata nyayo za ngamia aliyepotea mpaka wampate, lakini sikuwahi kufikiri juu ya nyayo zinazoisha. Kwetu nyayo zikiisha, ni wewe umezipoteza.

Sasa habari ya tope. Zile alama za mwisho juu ya jiwe zilikuwa zimezama zaidi upande wa mikono. Madam alifikiri mnyama alijisukuma juu kwa mikono. Lakini labda alikuwa mzito tu, au tope lilikuwa laini zaidi hapo. Alitaka aone jinsi unyayo mmoja unavyobadilika mwenye mguu akibeba mzigo. Basi wanawake watatu watembee na maji kichwani, yeye amwage plasta ndani ya nyayo zao.

Mmoja wao alikuwa dada yangu. Alikuwa na mimba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa bila pumzi, na hii ilikuwa ya pili. Nilipomweleza habari ya mnyama, alicheka.

"Anaruka?"

"Anaruka."

"Sasa kwa nini alitembea, mpumbavu huyo? Mwambie Madam, mimi ningekuwa na mabawa, haya maji yangenifuata yenyewe."

Nilimwambia Madam. Naye alicheka, kisha akasema swali la dada ndilo swali lake pia. Wanawake wakatembea, plasta ikamwagwa, ikakauka. Madam akaziinua zile nyayo nyeupe kutoka kwenye tope, akazifunga kwa magazeti, akaondoka na dereva kwenda Lodwar. Huko alikuwa na nyumba ya kupanga. Kutoka huko mizigo ingekwenda Nairobi.

Mama mkwe wa dada alikuwa ameenda malishoni. Aliporudi na kusikia, aliketi chini.

"Nani anachukua unyayo wa mwanamke mwenye mimba?" aliniuliza.

Nilijua jibu. Kila mtoto wetu analijua. Ekapilan, mchawi, ndiye huchota mchanga uliokanyagwa na mtu na kwenda nao.

"Lakini mama, Madam hana ubaya. Anatafuta habari za mnyama."

"Sijasema ana ubaya. Nimeuliza unyayo uko wapi."

Tangu siku hiyo dada hakula vizuri. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliketi na mkono juu ya tumbo, na kila mara aliniuliza kama mtoto amecheza, kana kwamba mimi ndiye ningejua. Shuleni tulifundishwa kwamba mambo hayo ni ya giza. Kanisani pia. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sawa, ndugu yangu," na maziwa akayaacha.

Nikapanda lori la mwenye duka lililokuwa linakwenda Lodwar. Njiani nilijipangia maneno ya Kiswahili, na yote yalisikika ya kijinga.

Nilimkuta Madam anapakia masanduku. Dereva alikuwa anafunga kamba juu ya gari.

"Mkalimani wa Kakuma!" akaniita. "Umekuja kuruka na sisi Nairobi?"

Nilisimama. Kisha nikasema kwa haraka, nikiangalia ardhi, kwamba dada yangu anaomba unyayo wake.

Madam hakuelewa. Nilirudia, nikaongeza habari ya mimba na ya mtoto wa kwanza. Ekapilan sikumtaja, kwa sababu nilifikiri atadhani ninamwita hivyo. Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini.

"Atapona akiupata?"

"Hajaugua, Madam."

"Basi kwa nini?"

Sikuwa na jibu la Kiswahili, na la Kiturkana sikuwa na hakika nalo. Akafungua sanduku.

"Chukua wake. Zile mbili niachie, bila hizo kazi yote imepotea. Lakini sikuandika majina. Niliandika tu kwamba ni mwanamke na mzigo."

Akazipanga chini, tatu, nyeupe.

Namjua dada yangu kwa unyayo tangu utoto. Katikati ya nyayo za watu wote wanaoteka maji nitakuonyesha wake. Lakini hapo nilizitazama zote tatu na sikumjua. Kilichokuwa shimo sasa kilikuwa kilima. Kisigino kilivimba badala ya kuzama. Kushoto kulikuwa kama kulia. Vilikuwa vipande vya miguu ya watu, na miguu kwa chini nani huitazama?

"Heh," dereva akasema, "Mturkana amepotelewa na nyayo! Hii nayo iandikwe kitabuni."

"Mzee, ngoja kidogo," nikasema.

Niliogopa. Nikichukua usio wake, wake utakwenda Nairobi na yeye nitamdanganya. Ndipo nikachukua cha kwanza nikakikandamiza kwenye mchanga wa ua, nikakiinua. Mgeni. Cha pili nikafanya vilevile, na pale chini alikuwa dada yangu, na kidole chake kidogo kinachojificha chini ya mwenzake. Nilikaribia kumsalimu.

Furaha ikaja, halafu ikaharibika. Dada yangu alikuwa Kakuma, na unyayo wake ulikuwa Lodwar, mbichi, na maji yake kichwani. Mtu yeyote angeapa kwamba alipita. Nikamtazama Madam, naye alikuwa anautazama ule mchanga kwa uso wa mtu aliyepoteza kitu. Nilipoufuta kwa mguu, alishtuka.

Nilirudi Kakuma na lori jingine, kile kipande kikiwa kifuani, nimekizungushia shati. Mama mkwe alinifanya nikikandamize tena uani. Dada akaweka mguu wake juu ya alama. Haukuingia.

"Si wangu," akasema.

"Miguu yako imevimba," mama mkwe akasema. "Ni mimba hiyo."

"Au si wangu."

Wote wawili wakanigeukia. Ningeweza kusema sijui, na huo ungekuwa ukweli wa saa ile, kwa sababu hakika yangu ya Lodwar ilikuwa imeniacha. Nikasema, "Ni wako, dada." Akanitazama, akakubali. Akakisaga kile kipande juu ya jiwe la kusagia mpaka kikawa unga, na unga akaufukia mwenyewe. Jioni alikunywa maziwa yote, akaomba mengine.

Nilidhani yameisha. Lakini alipofuta midomo aliuliza, "Na za wale wenzangu wawili?"

"Zimekwenda Nairobi."

"Wanajua?"

"Hawajauliza."

Mmoja wa wale wanawake ana watoto wanne, na mwingine ameolewa juzi tu. Mama mkwe alichukua kibuyu akatoka nje.

"Usiwaambie," dada akasema. Baada ya kidogo akasema, "Au uwaambie?" Kisha akanikasirikia kwa kutojibu.

Mpaka leo sijawaambia. Tunakutana kwenye visima vya mtoni. Ninawasalimu, "Ejok," wanaitikia, wanaendelea kuchota. Wote ni wazima. Wakijitwika maji na kuondoka, mimi hubaki nyuma nikitazama mchanga, na sijui natafuta nini.