Kibinti Arudi Kuchukua Sauti Yake

Saa mbili asubuhi. Feni imezimwa, maana muungurumo wake huingia kwenye sauti inayorekodiwa. Magodoro yamefunika kuta zote, mwanya wa chini ya mlango umezibwa kwa taulo, na joto limeshaanza kupanda. Katikati ya chumba, mama wa miaka hamsini na sita anavua bangili zake na kuzitia mkobani. Kisha anavua viatu.

"Hivi vina kelele kuliko mimi," anasema. Fundi sauti, aliye nyuma ya kioo, anacheka.

Kwenye skrini mbele yake amesimama binti wa miaka kumi na mitano, kavaa sare ya shule, midomo inacheza bila kutoa neno. Binti huyo ni yeye.

Wengi wanamjua kwa jina moja tu: Kibinti. Alilipata katika filamu hiyo iliyo kwenye skrini, yake ya kwanza, alipoigiza mtoto anayempigania mama yake asitupiwe vyombo nje na mwenye nyumba. Tangu hapo hajaiacha kamera. Amekuwa dada mtu, wifi mkorofi, mama mkwe, na sasa bibi.

"Nimeolewa mara nane, saba kwenye filamu," anatania. "Huyu wa kweli ndiye pekee anayenikorofisha bila kuandikiwa."

Lakini kuna jambo limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Katika filamu iliyompa jina, sauti si yake. Watengenezaji waliiona nene mno, wakampa msichana mwingine azungumze badala yake. Hakuna aliyemwambia. Alijulia ukumbini, siku ya kwanza ya maonyesho, ameketi ubavuni mwa mama yake.

"Nilipofungua mdomo ikatoka sauti ya mtu mwingine. Mama akanigeukia: 'Uso nauona, mbona mwanangu simsikii?' Watu wanapiga makofi, mimi natamani ardhi ipasuke."

Hakususa. Alikwenda kuigiza redioni pia, na sauti ileile iliyokataliwa ndiyo iliyomlisha, ikasomesha na watoto wake wawili.

Mwaka huu filamu hiyo inasafishwa ili ionyeshwe tena. Picha ni nzima, lakini sauti imeharibika, hivyo maneno lazima yarekodiwe upya. Mwongozaji kijana alimleta mwigizaji chipukizi mwenye sauti tamu kama asali. Maneno ya mswada yakagoma kuoana na midomo. Kibinti, aliyealikwa kutazama tu, akaangua kicheko.

"Mwanangu, hapo sikusema yaliyoandikwa. Nilisahau, nikaropoka. Kumbe walijua sauti wataiweka baadaye, nani angejali?"

"Uliropoka nini, mama?" mwongozaji akauliza.

"'Ukimtoa mama, utoe na jiko lake, maana bado la moto!'"

Wakarudisha picha. Midomo ikakubali, neno kwa neno. Hapo ndipo akaomba ajaribiwe yeye.

Mwongozaji alisita. "Mama, usinielewe vibaya. Uso wa mwanafunzi na sauti ya bibi?"

"Sauti yangu haikuzeeka, baba. Ilizaliwa mzee."

Akapewa onyesho hilo moja. Likimshinda, chipukizi ataifanya filamu nzima.

Taa nyekundu inawaka. Kibinti anashika kiuno, kama binti wa kwenye skrini. Mara ya kwanza anaitangulia midomo ya binti. Mara ya pili sauti inakatika.

"Pumzi, mama," fundi anamtuliza. "Hatukimbizwi."

Safari hii haangalii midomo. Anamtazama binti machoni.

"Ukimtoa mama, utoe na jiko lake, maana bado la moto!"

Nene, yenye mikwaruzo, sauti imemkaa yule mtoto kana kwamba haikuwahi kumtoka. Chipukizi, aliyekuwa kasimama pembeni, ndiye anayeanza kupiga makofi. "Huyo ndiye mwenyewe! Mimi nilikuwa namwigiza tu."

Mwongozaji anafuta jasho. "Tuendelee na linalofuata, mama. Filamu ni yako yote."

Kibinti anaomba kiti kimoja tu, cha mbele, siku ya maonyesho. Ni cha mama yake, aliyevuka miaka themanini na ambaye macho yamemtupa mkono.

"Mara ile aliniona, hakunisikia," anasema baada ya kurekodi, akizirudisha bangili mkononi. "Sasa haoni. Ila masikio yake, we! Funua sufuria jikoni kwa kunyata, atakuita jina."

Anacheka, kisha anavaa viatu.

"Nikifungua mdomo tu, atajua mwanawe kafika."